Pima Mguu Kabla ya Kupima Fedha: Nasaha kwa Anayenunua Baisikeli ya Umeme

Ndugu msomaji, fundi wa nguo hakati kitambaa kabla hajampima mwenye kuvaa. Hupima bega, akapima mkono, akapima urefu hatta kifundo cha mguu, ndipo akashika mkasi. Wala hapana mtu mwenye akili atakayemwambia fundi, "Nishonee kanzu yo yote, nitaizoea." Lakini mtu huyo huyo aendapo kununua baisikeli hutazama rangi, hupiga kengele, huuliza bei, kisha hulipa. Hajipimi mguu, wala hakipimi chombo. Mimi nalikuwa mmoja wa watu hao, nami naandika haya ili mwenzangu asije akayanunua maumivu kwa fedha zake kama nilivyoyanunua mimi.

Kwa miaka mingi nalikuwa nikienda chuoni kusomesha kwa baisikeli ya kawaida, zile nyeusi nzito za magurudumu ya inchi 28, na fremu yake ilikuwa ya inchi 22. Umri ulipopita hamsini, magoti yakaanza kunilalamikia, hasa penye kilima kilichoko karibu na chuo. Watoto wakanishauri ninunue baisikeli ya umeme, ambayo mpandaji hukanyaga pedeli kama kawaida na mota ikamsaidia. Tukaweka akiba mwaka mzima, mimi katika kile nikipatacho chuoni, na mama watoto katika vitumbua vyake avipikavyo kila alfajiri. Fedha zile zilikuwa za watu wawili. Na jambo hilo ndilo nililolisahau siku ya kununua.

Dukani nalikuta baisikeli mbili. Moja ilikuwa na bomba la juu, lile litokalo chini ya kiti kwenda kwenye usukani. Ya pili bomba lake lilikuwa limeshuka chini, mtu aweza kupitisha mguu bila ya kuuinua sana. Mwuzaji akaniambia kwa adabu, "Maalim, hii ya bomba la chini itakufaa, na kanzu yako haitanasa." Mimi nikaona haya. Tangu utoto wetu baisikeli isiyo na bomba la juu tulikuwa tukiiita ya kike, nami nikawaza wanafunzi wangu watasemaje wakiniona juu yake. Nikaichukua ile ndefu. Fremu yake ilikuwa ya sentimita 55, nami nikapiga hesabu: inchi moja ni sentimita 2.54, basi ile ya zamani ya inchi 22 ni karibu sentimita 56. Hii mpya ni ndogo kuliko ile. Nikaipanda ikiwa imesimama juu ya stendi yake, nikaona raha, nikalipa.

Hesabu ilikuwa sahihi, lakini hukumu niliyoitoa kwayo ilikuwa batili.

Wiki ya pili nalimpakia mjukuu wangu nyuma kwenye keria. Tulipofika njia panda, pikipiki ikatokea ghafula, nami nikafunga breki. Nikateremka kitini kuweka miguu chini, na miguu haikufika. Vidole vya mguu mmoja vikagusa mchanga, na bomba likanizuia nisifike zaidi. Katika kutafuta mahali pa kusimamia nikakanyaga pedeli, na mota, ambayo haijui kama mtu ataka kwenda au ataka kusimama, ikasukuma mbele. Tukaanguka wote, pamoja na chombo chenye uzito wa kilo 26. Mtoto, alhamdulillahi, aliangukia juu yangu na hakuumia. Mimi kifundo cha mkono wa kushoto kilipata ufa, kikafungwa plasta wiki sita. Wiki sita hizo nalisujudu kwa kiganja kimoja, na wanafunzi wakinitazama.

Niliporudi nyumbani mama watoto hakunigombeza. Alisema neno moja tu: "Maalim, ulipima heshima yako, ukaacha kupima mguu wako."

Basi nikakaa na mkono wangu mmoja nikajifunza niliyopaswa kujifunza kabla. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, yatupasa tujue ile namba ya fremu ni namba ya kitu gani. Ni urefu wa lile bomba lishikalo kiti, tangu katikati ya ekseli ya pedeli hatta mwisho wake wa juu. Haituambii ekseli yenyewe iko juu kiasi gani kutoka ardhini, wala bomba la juu limelala au limeinama, wala toka kitini hatta usukani ni masafa gani. Kwa hiyo baisikeli mbili zenye namba moja zaweza kuwa vyombo viwili mbalimbali kabisa. Siku hizi watengenezaji wengi wameacha namba na huandika ndogo, ya kati na kubwa; lakini ya kati ya huyu yaweza kuwa kubwa ya yule. Asikudanganye mtu kwa jina. Chukua futi.

Pili, pima mguu wako. Vua viatu, simama wima umeegemeza mgongo ukutani, miguu ikiwa imeachana kidogo. Chukua daftari gumu, ulibane katikati ya mapaja na ulipandishe hatta likukaze kama kiti cha baisikeli kikukazavyo, uti wake ukiwa juu. Mwenzio na apime tangu sakafuni hatta juu ya daftari. Hicho ndicho kipimo cha mguu wa ndani, nacho ni bora kuliko kimo cha mtu, maana watu wawili wa kimo kimoja, mmoja huwa na miguu mirefu na mwingine kiwiliwili kirefu. Wangu ulikuwa sentimita 76.

Tatu, simama juu ya baisikeli na nyayo zako zote mbili zikiwa zimelala chini, nawe umevaa viatu uvivaavyo kila siku. Baina yako na bomba la juu sharti ibaki nafasi ya sentimita 3 hatta 5. Bomba la baisikeli yangu lilikuwa sentimita 80 kutoka ardhini. Mguu wa 76, na kandambili za sentimita 2, jumla 78. Hesabu hii mtoto wa darasa la pili angalinifanyia.

Utaniuliza, "Mbona ile ya zamani haikukuangusha?" Swali zuri. Sisi tuliojifunza juu ya baisikeli kubwa za baba zetu, tena tukipitisha mguu ndani ya fremu kwa kuwa hatukufika kitini, hatukupata kamwe kusimama juu ya bomba. Twaweka mguu wa kushoto juu ya pedeli, twasukuma kwa mguu wa pili, kisha twaurusha juu ya kiti. Na kuteremka ni hivyo hivyo, twaruka chombo kingali chaenda. Desturi hiyo haifai kwa baisikeli ya umeme. Nyingi kati yake huhisi nguvu ya mguu juu ya pedeli, na mara uikanyagapo, mota huvuta hali ya kuwa wewe hujakaa. Huko Japani, ambako kampuni ya Yamaha ilianza kuuza baisikeli ya namna hii mwaka 1993, watengenezaji huwaonya watu wasipande kwa mguu mmoja juu ya pedeli. Sharti la chombo hiki ni ukae kwanza, mguu mmoja uwe umekita chini, breki ziwe zimeshikwa, ndipo ukanyage.

Tena zingatia uzito. Baisikeli ya umeme, pamoja na betri na mota yake, mara nyingi hupata kilo 20 na zaidi. Chombo chepesi kikiinama waweza kukizuia kwa paja. Chombo cha kilo 26, na mtoto juu yake, kikishapita kiasi katika kuinama hakizuiliki. Ndiyo maana kosa dogo la fremu katika baisikeli ya kawaida huwa ni kosa kubwa katika hii.

Nne, ni habari ya kiti. Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda mashindano ya Tour de France mara tatu, 1986, 1989 na 1990, alieneza kanuni nyepesi: zidisha kipimo cha mguu wa ndani kwa 0.883, upate urefu tangu katikati ya ekseli ya pedeli hatta juu ya kiti. Kwa mguu wa sentimita 76 ni karibu sentimita 67. Hiyo ni kanuni ya wakimbiaji. Mtu wa mjini anayesimama kila njia panda aweza kushusha sentimita chache. Asiye na futi na akae kitini, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila ya nyonga kuinama upande, kiti kiko mahali pake. Lakini asikiweke chini mno kwa ajili ya woga, kwani goti lililokunjwa kupita kiasi huumia, na mota humficha mtu maumivu hayo. Katika baisikeli ya kawaida uchovu hukuambia upesi kuwa umekaa vibaya. Katika ya umeme safari huwa nyepesi, nawe hugundui mpaka goti limevimba.

Tano, masafa ya kufikia usukani. Ukishika usukani, viwiko viwe vimelegea kidogo. Vikinyooka kama mti, fremu ni ndefu kwako, na uzito wote utaangukia vifundo vya mikono na mabega. Magoti yakigusa usukani ukikata kona, fremu ni fupi. Jambo hili lahitaji hadhari zaidi katika zile zenye bomba la chini, kwa maana hapo kipimo cha kusimama juu ya bomba hakikuambii kitu. Mtu mfupi na mrefu wote watapita.

Ukijikuta baina ya vipimo viwili, nawe ni mwendaji wa mjini, elekea kwenye kile kidogo. Kiti chaweza kuinuliwa, na usukani mara nyingi waweza kuinuliwa, fremu haikatwi. Lakini nguzo ya kiti ina alama iliyochongwa, nayo ndiyo mpaka. Usiivute ikapita hapo, itakuja kukatika nawe uko juu yake. Na ikiwa baisikeli ni ya nyumba nzima, ichaguliwe kwa mguu wa aliye mfupi kuliko wote watakaoipanda. Mrefu atainua kiti. Mfupi hawezi kurefusha miguu.

Mkono ulipopona nalirudi dukani. Baisikeli ile niliiuza kwa hasara, na hasara ile sikuikata katika fedha za vitumbua. Nimeilipa kidogo kidogo katika zangu. Badala yake nikachukua ile ya bomba la chini, fremu ya sentimita 46. Safari hii hatukwenda peke yangu: mama watoto alikuwapo, na futi ilikuwa mkononi mwake. Tukasimama, tukakaa, tukapima, kila mtu kwa zamu yake. Sasa asubuhi humpeleka yeye na ndoo yake ya vitumbua, baibui likiwa salama, na alasiri hunipeleka mimi na kanzu yangu. Siku ya kwanza wanafunzi wawili walicheka. Siku ya pili walikuja kuniomba niwaonyeshe jinsi ya kupima mguu kwa daftari.

Basi, ndugu yangu, na wewe kijana unayekusanya fedha yako shilingi kwa shilingi: usimwulize mwuzaji kwanza bei, wala usiwaulize majirani ipi ni ya kiume. Uliza mguu wako, nao hautakudanganya. Wassalaam.