Je, Wajua? Dawa ya Niger, jibu la Kilosa

Je, wajua kwamba watoto wa Kilosa waliingia katika jaribio la dawa lililohusisha watoto zaidi ya 190,000? Kuanzia mwishoni mwa 2014 hadi 2017, watoto wa mwezi mmoja hadi miezi 59 walinyweshwa dawa au kimiminika kisicho na dawa mara mbili kwa mwaka katika jamii 1,533 za Niger, Malawi na Tanzania. Kwa Tanzania wilaya ilikuwa moja tu, Kilosa. Jaribio liliitwa MORDOR, jina la nchi ya uovu katika hadithi za Tolkien. Watafiti nao wana utani wao.

Dawa yenyewe, azithromaisini, si ngeni vijijini: ndiyo inayogawiwa kupambana na vikope. Huko Ethiopia, utafiti wa vikope uliotolewa 2009 ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo si macho tu yaliyopona, bali vifo vya watoto vilipungua kwa karibu nusu. Swali likawa kama hali ni hiyo hiyo kwingine.

Kura ya nani apate dawa haikupigwa kwa mtoto mmoja mmoja. Kilosa ilipigwa kwa kitongoji: hiki kipate dawa, kile kipate kimiminika kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani. Mzazi hakujua, mgawaji naye hakujua. Aliyeweza kusimama alikadiriwa dozi kwa fimbo ya urefu, mchanga alipandishwa mizani, na asiyefika gramu 3,800 aliachwa.

Utaratibu wa kuwafuata watoto nyumba kwa nyumba una faida ambayo si rahisi kuiona kwa haraka. Kilosa kuna Wasagara na Wakaguru milimani, Wavidunda upande wa Mikumi, Wamaasai na Wabarbaig na mifugo yao, na wajukuu wa manamba waliokuja kukata mkonge Kimamba. Utafiti unaokaa hospitalini kusubiri watu humpata mwenye nauli, aishiye karibu na barabara kuu na asiye na ng'ombe wa kuchunga. Sensa ya nyumba kwa nyumba, inayorudiwa kila miezi sita, inamkuta hata yule ambaye hajawahi kushika kadi ya kliniki. Mfugaji anayehama kufuata malisho bado ni mtihani, maana sensa ikirudi huenda boma limebaki tupu.

Na majibu? Niger, palipokosa dawa vifo vilikuwa 27.5 kwa kila watoto 1,000 kwa mwaka, palipopata 22.5. Malawi, 9.6 na 9.1. Tanzania, 5.5 na 5.4, yaani karibu hakuna tofauti. Wapo waliosema Kilosa haikuonyesha lolote. Mimi naona ilionyesha jambo kubwa: ukijaribu Niger peke yake, utaitangaza dawa kwa bara zima; ukijaribu Kilosa peke yake, utaitupa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake 2020 lilishauri dawa itolewe kwa watoto wa miezi 1 hadi 11 pale tu vifo vya watoto wachanga vinapozidi 60 kwa kila vizazi hai 1,000, au vya walio chini ya miaka mitano vinapozidi 80. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliikuta Tanzania kwenye 33 na 43. Waliosaidia kupata jibu, basi, hawamo katika orodha ya kupewa dawa.

Je, wajua kwamba ukiiacha barabara kuu ya Iringa pale Mikumi ukashika ya Ifakara, unaelekea bonde lililowahi kuitikisa dunia ya chanjo? Kijijini Idete, chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia, ilijaribiwa kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitano. Mwaka 1994 ikatangazwa kuwa imepunguza homa za malaria kwa asilimia 31. Ikapelekwa Gambia kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, ikapunguza kwa asilimia 8 tu. Thailand haikufua dafu kabisa, na hadithi yake ikaishia hapo.

Maziwa pia yana kisa chake cha jibu la mahali pamoja lisilotosha kwingine. Wazungu wengi hunywa maziwa ukubwani bila tumbo kuunguruma kwa sababu ya badiliko moja la jeni, na kwa muda ilidhaniwa hilo ndilo lenye maelezo yote. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitoa majibu ya vipimo vya watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta mabadiliko matatu mengine, yaliyotokea kando na lile la Wazungu. Lililoenea zaidi Tanzania na Kenya linakadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 2,700 na 6,800.