Mafua Yasiyoisha na Unga wa Miti



Jamaa zetu wa pwani waliohamia Kenyenya, kule Kisii, huisifu nchi ile ya mvua na migomba. Hata hivyo, wapo wanaoamka na chafya za mfululizo, macho yakiwasha na pua ikichuruzika maji. Mama humnywesha mtoto viuavijasumu mara ya kwanza na ya pili, wala haponi. Huenda si mafua bali ni mzio wa chavua, ule unga mwembamba utokao katika maua ya miti.

Maradhi haya si mageni. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, tabibu Abu Bakr al-Razi aliandika risala juu ya mafua yaliyomshika mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi kila majira ya waridi. Leo yajulikana kwamba maua ya kupendeza, ambayo nyuki huyaendea, si yenye kudhuru sana. Yasumbuayo zaidi ni yale madogo ambayo chavua yake huchukuliwa na upepo, kama ya misaipresi ya bara na mivinje ya kwetu pwani. Mwili wa mwenye mzio huidhania chavua kuwa adui, ukatoa histamini, ndipo chafya zikaanza.

Mafua ya kawaida huambukiza, pengine huja na homa, na aghalabu huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Mzio hauambukizi, hauna homa, huwasha, na hudumu wiki nyingi.

Kukata miti ya jirani si dawa, kwa kuwa chavua husafiri mbali. Siku za upepo mkavu, fungeni madirisha na msianike shuka nje. Buibui lililotoka nje lisiwekwe kitandani, na nywele zioshwe kabla ya kulala. Kupandisha maji puani wakati wa udhu husaidia kuiondoa chavua, aliyefunga asizidishe. Dawa ya setirizini hunywewa mara moja kwa siku, hivyo mfungaji aweza kuinywa baada ya futari. Wajawazito na wanyonyeshao wamuulize daktari kwanza.

Kifua kikibana au kikitoa mluzi, msingoje asubuhi: huo huenda ni ugonjwa wa pumu, nao huua. Mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.