Laptopu ya Gemu ya Ex-UK: Ipime Kwanza, PIN Baadaye

Mwaka jana mdogo wangu alinipigia simu jioni moja akiwa na furaha tele. Alikuwa ameona tangazo mtandaoni: laptopu ya gemu, Core i7, "grafiki ya 8GB", kwa Sh32,000 pekee. Muuzaji alitaka tu Sh3,000 za kumshikia, eti wateja ni wengi. Kufikia wakati ananipigia, alikuwa ashatuma, tena kwa nambari ya mtu binafsi. Kesho yake, mteja hapatikani.

Labda kwako Sh3,000 ni kidogo. Kwa mwanafunzi wa chuo anayeuza smokie na mayai wikendi, hizo ni pesa za jasho. Alikuwa ameweka akiba ya Sh55,000 kwa karibu mwaka mzima. Tukabaki na Sh52,000, na safari hii tukaenda town pamoja. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Ex-UK ni nini hasa?

Ni laptopu iliyotumika ng'ambo, mara nyingi na kampuni, kisha ikauzwa kwa jumla na kuletwa hapa. Mwuzaji mzuri huisafisha, hubadilisha sehemu zilizochoka na kuweka Windows upya. Mwingine huifuta vumbi tu. Zote mbili zitaitwa "ex-UK" na zote zitang'aa kwenye rafu, kwa hivyo usinunue jina. Nunua kile ulichokiona kikifanya kazi.

Shida ya kwanza kwa mpenzi wa gemu ni kwamba laptopu nyingi za aina hii zilikuwa za ofisi. EliteBook, ThinkPad na Latitude ni mashine imara, lakini nyingi hazina kadi yao ya grafiki. Zitafungua Excel vizuri sana. Gemu nzito? Utaona picha zikikwamakwama kama matatu kwenye jam ya Thika Road.

Vitu vya kuangalia kwanza

*Kadi ya grafiki.* Hii ndiyo roho ya laptopu ya gemu, na kwa kawaida huwa imechomelewa kwenye ubao wa mashine. Ukikosea hapa, huwezi kubadilisha baadaye. RAM na SSD, kwa laptopu nyingi za gemu, unaweza kuongeza ukipata pesa. Kwa hivyo bajeti ikibana, ni afadhali RAM ya 8GB na kadi nzuri kuliko RAM ya 16GB bila kadi. Kwa bajeti ndogo, jina la kutafuta ni kama NVIDIA GTX 1650.

Ile "grafiki ya 8GB" ya tangazo ni mchezo wa zamani. Mashine ya ofisi huazima RAM ya kawaida, na muuzaji huihesabu kama ya kadi. Kuhakikisha ni rahisi: bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ingia sehemu ya Performance, kisha GPU. Laptopu ya gemu mara nyingi itaonyesha GPU mbili. Kwenye ile ya NVIDIA au AMD, soma palipoandikwa Dedicated GPU memory. Hiyo ndiyo ya kadi yenyewe. Shared ni ya kuazima.

*Prosesa.* Usitishwe na "i7". Core i7-4600U ya mwaka wa 2013 ina kore 2 tu, lakini Core i5-8300H ya 2018 ina kore 4. Angalia tarakimu ya kwanza baada ya kistari (mbili za kwanza kwa kizazi cha 10 kwenda juu), ndiyo kizazi, kisha herufi ya mwisho. U ni ya kuokoa betri, H ni ya nguvu. Kwa Intel, tafuta kizazi cha 8 kwenda juu, kwa sababu huko ndiko Windows 11 inakokubalika rasmi. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025.

*Chaja.* Laptopu ya gemu hula umeme mwingi. Ukipewa chaja ya 65W kwa mashine iliyotengenezewa 135W au zaidi, itacheza pole pole, au betri itaisha huku umechomeka. Linganisha kilichoandikwa kwenye chaja na kile kilicho chini ya laptopu.

Dakika 30 dukani

Muuzaji mwaminifu hatakukataza kupima. Akianza "boss, harakisha, nafunga", jua hapo hapakufai. Fanya hivi:

1. Chomeka chaja na uchezeshe gemu kwa dakika 20 bila kusimamisha. Beba yako kwenye flashi au umwombe akuwekee. Sikiliza feni, gusa sehemu ya juu ya kibodi, tazama kama kuna mistari kwenye skrini. Laptopu yetu ya kwanza ilikuwa safi kabisa kwa dakika 12, kisha ikazima yenyewe kwa joto. Kama tungelipa baada ya kuona tu inawaka, tungeigundua tukiwa nyumbani.

2. Pima betri. Fungua Command Prompt na uandike powercfg /batteryreport. Itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ikiwa ilitoka kiwandani na 50,000 mWh na sasa inashika 20,000, imebaki asilimia 40. Gemu utacheza ukiwa umechomeka, kwa hivyo betri dhaifu si lazima ikufukuze, lakini ni sababu nzuri ya kushusha bei.

3. Hakikisha haijafungwa na kampuni ya zamani. Hili wengi hawalijui. Kampuni nyingine husajili laptopu zao, na ukiweka Windows upya na kuunganisha Wi-Fi, mashine inadai akaunti ya kazi ya kampuni hiyo. Omba ianzishwe upya mbele yako ikiwa na intaneti. Ingia pia kwenye BIOS uone kama inadai nenosiri.

4. Maliza na vidogo: kila kitufe cha kibodi, kila tundu la USB, kamera, spika, na bawaba za skrini. Fungua na ufunge mara kadhaa.

Sasa tuongee malipo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, na mara nyingi si kwa sababu ya laptopu mbovu. Ni kwa sababu ya kulipa mapema au kulipa mtu asiye duka.

Usitume "ya kushikilia" kwa mtu ambaye hujaona duka lake. Ukiwa dukani, lipa kwa till ya biashara. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Je, linafanana na lile la kwenye risiti? Ukiambiwa "till iko na shida, tuma kwa namba ya huyu kijana", simama hapo. Ukilipa mtu binafsi, ujumbe wako utaonyesha jina lake, na duka likikukana huna pa kushika.

Elewa pia kwamba kurudisha muamala kulikusudiwa kusaidia aliyekosea nambari. Siyo njia ya kurudisha bidhaa. Ukilipa duka sahihi kwa laptopu mbovu, hilo ni jambo la kuzungumza na duka, na silaha yako ni karatasi. Risiti iwe na modeli, nambari ya siri ya mashine yaani serial number, kadi ya grafiki, RAM, na muda wa dhamana. "Warranty ya mdomo" haijawahi kurekebisha laptopu ya mtu. Hifadhi pia ujumbe wa malipo, usiufute.

Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa. Duka likikataa kukusikiliza, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji. Ukiwa umetapeliwa kabisa, piga ripoti polisi, na uwasiliane na kampuni yako ya malipo mara moja. Usingoje kesho.

Iliishaje?

Laptopu ya pili ilimaliza dakika 20 bila shida. Ina GTX 1650 na RAM ya 8GB. Betri ilikuwa imechoka kidogo, tukaitumia kupunguza bei, na zilizobaki akaanza nazo akiba ya RAM nyingine. Muuzaji aliandika kila kitu kwenye risiti, jina la till likalingana, ndipo mdogo wangu akaweka PIN.

Zile Sh3,000 hazikurudi. Lakini siku hizi rafiki zake wakienda kununua mashine, humbeba yeye kwanza.