Kuacha Job Mapema: Hesabu ya Mifuko Miwili ya Wasee wa Aussie

Ukiskia msee wa Aussie amewacha job na ako na miaka 48, usidhani alishinda lotto ama mbuyu wake alimwachia mashamba. Mara mob utapata ni nesi wa Adelaide, fundi wa stima wa Brisbane, ama odijo wa praimari huko Ballarat. Watu wa mshahara, wa kuamka asubuhi. Chenye kiliwatoa ni kuchanuka mapema kwamba doh ya ritaya hukaa kwa mifuko miwili, na mmoja umefungwa hadi ufike 60. Ukishika hapo, ile ingine yote ni hesabu na roho ngumu.

Tuanze na ule umefungwa. Huko wanauita supa. Miaka ya 80 vyama vya wafanyakazi vilikuwa vinadai nyongeza ya mshahara. Vikakubaliana na gava kwamba 3% isiende kwa mkono ya mtu, iende kwa mfuko wa uzeeni. 1992 gava ya Paul Keating ikaifanya sheria: kila mdosi lazima aweke kitu. Kwa kampuni ndogo ilianza na hio 3%, ikapanda mos mos, na tangu Julai 2025 imefika 12%. Huku kwetu NSSF inakukata 6% na mdosi anaongeza yake 6%, na kuna kikomo. Kule mdosi ndio hutoa 12% yote, juu ya mshahara. Leo ukijumlisha supa za nchi nzima unapata zaidi ya dola trilioni 4 za Aussie, na wako watu milioni 27 hivi. Kwangu mimi, hakuna kitu gava ya pale imewahi fanyia mtu wa kawaida kushinda hii. Ilimlazimisha kuweka akiba hata ile miaka anaona uzee ni story ya watu wengine.

Cheki venye inafanya kazi. Chukua manzi wa Nai ako chuo Melbourne na anapiga ka-job kwa kafe. Visa yake inamruhusu masaa 48 kwa wiki mbili wakati masomo iko. Mshahara wa chini kabisa nchi nzima, kuanzia Julai 2025, ni dola 24.95 kwa saa, na ukiwa kibarua wa kuitwa ukihitajika unaongezewa robo, inakuwa 31.19. Masaa 48 inaleta dola 1,497. Sasa shuka chini kabisa ya pesilipu. Kuna laini ndogo ya supa, karibu dola 180. Wengi hawaionangi. Macho iko kwa ile inaingia benki, juu renti inangoja na mathe ameitisha fees ya ndogo. Lakini hio 180 ni ganji yake. Aliifanyia kazi akiwa amesimama masaa nane, akibeba vikombe.

Nyinyi mko Perth, Melbourne na Sydney, mkiosha wazee kwa manyumba za kulelea na kusoma usiku, hapa niwachanue kabisa. Visa ya muda ikiisha na ukishatoka nchi, unaweza itisha supa yako kwa ofisi yao ya ushuru, ATO. Wataikata 35%. Kumbuka ikiingia ilikuwa imekatwa 15%. Kwa kila dola 100 mdosi aliweka, unatoka na kama 55, bila kuhesabu faida na ada za mfuko. Inauma, lakini 55 ni 55. Kuna wasee wamerudi shags wakaiacha hapo yote juu hawakuwahi ambiwa iko. Na ukipata ukaazi wa kudumu, hio njia imefungwa: utangoja 60 ka mwenyeji, hata ukihamia Ngong kesho.

Kitu ingine ni hizi akaunti. Kitambo kila mdosi mpya alikuwa anakufungulia supa mpya, msee anapata ako na tano, na kila moja inamkata ada yake, zingine na bima juu. Tangu Novemba 2021 akaunti yako inakufuata job hadi job usipochagua ingine. Zile za kitambo bado ziko huko zikiliwa. Unaingia myGov, tovuti ya gava, unaziona zote, unaziunganisha. Ni kazi ya nusu saa na inaweza okoa maelfu.

Ushuru ndio hufanya supa iwe tamu. Ile mdosi anaweka inakatwa 15%, na faida yake inakatwa kitu ka hio, wakati msee wa mshahara wa katikati anakatwa 30% kwa kila dola ya juu. Ukishastaafu baada ya 60, unatoa bila ushuru kwa mifuko mingi. Ndio maana wenye wamechanuka huongeza yao kutoka kwa mshahara kabla haijakatwa ushuru. Mwaka wa 2025/26 kikomo ni thao 30, ukihesabu na ile ya mdosi. Na mwenyeji wa mshahara mdogo akiweka thao moja kutoka kwa doh yake iliyokatwa ushuru tayari, gava inaweza mwongezea hadi dola 500. Wa visa ya muda hawapati hio.

Lakini ukifika 60 ndio ufungue. Pensheni ya gava yenyewe ni 67, na wanapima mali yako kwanza. 2020 korona ikiingia walifungua mlango kidogo: walioumia wangeweza kutoa hadi thao 10, mara mbili. Zaidi ya bilioni 36 zikatoka. Kuna wenye walikuwa wamesota ukweli, na hao siwezi walaumu. Lakini msee wa 25 mwenye alitoa thao 10 akanunua skrini na viatu alijichoma. Miaka 35, ikikua 5% kwa mwaka juu ya kupanda kwa bei, ingekuwa thao 55 kwa thamani ya leo.

Sasa tuje kwa wale wa kuacha job mapema. Harakati yao inaitwa FIRE, na mizizi yake ni Marekani. 1994 mshauri wa pesa, William Bengen, alicheki rekodi za soko za Marekani akaona mtu akitoa 4% ya akiba yake mwaka wa kwanza wa ritaya, kisha akiongeza tu venye bei inapanda, doh ilidumu angalau miaka 30. Kutoka hapo ikaja ile hesabu ya mara 25: unatumia dola thao 40 kwa mwaka, unahitaji milioni moja. Shida ni kwamba Bengen alikuwa anapigia hesabu wazee. Msee akiacha job na 40 anaweza ishi miaka 50 zingine, na soko la Marekani ndilo lilifanya poa kushinda mengi duniani. Mimi ningeshika 3.5%, na ningekuwa tayari kupiga vibarua soko likianguka.

Hapa Aussie inatofautiana na Marekani kwa sana: hio milioni iko wapi? Ukiwa na 50 na milioni yote iko supa, kwa makaratasi wewe ni sonko, lakini hauna ya unga kwa miaka 10. Unahitaji mfuko wa pili, wa nje, wa kukuvusha hadi 60. Tupige hesabu. Dame wa 50 anatumia thao 40 kwa mwaka. Akiwa na thao 400 nje, anaweza kula thao 40 kila mwaka hadi afike 60, hata hio doh isipozaa kitu ya kushinda bei. Hio miaka 10 yote supa yake haiguswi. Ikiwa ilikuwa na thao 600, na inakua 5% juu ya bei, anaikuta iko karibu thao 977. 4% ya hapo ni thao 39. Amevuka. Ni ile ile milioni, lakini imegawanywa vizuri. Na kama mpango wake ni kuacha na 40, ule mfuko wa nje lazima uwe mzito zaidi, na supa inaweza kuwa ndogo juu itakaa ikikua miaka 20.

Utafika hapo baada ya miaka ngapi? Inategemea asilimia unaweka. Tuseme unaanza na sifuri, doh inakua 5% juu ya bei, na unalenga mara 25. Ukiweka 10% ya kile unapata, ni miaka kama 51. Ukiweka robo, 32. Ukiweka nusu, 17. Mshahara wenyewe hauko kwa hio hesabu. Nenda Perth uwanja wa ndege asubuhi mapema uone wasee wa migodi wamevaa mashati za kung'aa wakingoja ndege ya Karratha ama Newman. Wanakaa wiki mbili kwa chuma cha Pilbara, wanarudi nyumbani wiki moja, na wanalipwa vinoma. Kuna wenye huacha job na 42. Na kuna wenye, baada ya miaka 15 kwa vumbi, wako na pikapu ya mkopo, boti ya mkopo, na hawawezi kosa shifti moja. Job ni moja, jua ni moja.

Huo mfuko wa nje wanaujaza na nini? Wengi hununua ETF, yaani kapu la hisa unalinunua kwa soko ka hisa moja. Soko lao ni ASX, na mara ya kwanza kununua hisa ya kampuni unaanza na dola 500. Kapu moja maarufu, VAS ya Vanguard, liko na kampuni karibu 300 za pale na ada ya 0.07% kwa mwaka. Ada si kitu ya kudharau. Thao 10 ikikua 7% miaka 30 inafika thao 76. Mtu akikukata 2% kila mwaka ndio akuangalilie, unabaki na thao 43. Lakini kapu la Aussie pekee limejaa mabenki na migodi, so wenye akili huongeza kapu la dunia nzima.

Wako na tamu yao ingine, gawio lenye kodi imeshalipwa. Kampuni kubwa ikipata faida ya dola 100 inalipa kodi 30, wewe unapewa 70 na hati ya ile 30. Ukiwa umeacha job na kipato chako ni kidogo, gava inakurudishia sehemu ya hio 30 ama yote. 2019 chama cha Labor kilienda kura kikisema kitaondoa hio ya kurudishiwa, na kikalambishwa sakafu. Kulikuwa na sababu zingine, lakini uliza mzee yeyote wa kule.

Keja nayo? Wasee wa Aussie wanapenda nyumba kushinda kila kitu, na siwapingi sana. Nyumba unaishi ndani haihesabiwi wakipima mali ya pensheni, na bila renti ile mara 25 inashuka. Wengi hutumia akaunti ya ofseti: akiba yako inakaa kando ya mkopo, na riba inahesabiwa kwa tofauti tu. Uko na mkopo wa thao 500 na thao 60 kwa ofseti, unalipa riba ya mkopo wa thao 440 tu, na ile 60 bado unaweza itoa leo. Chenye kinanipea wasiwasi ni msee ako na nyumba tatu za mikopo na hana hata doh ya miezi mitatu mkononi.

Na soko huanguka, hakuna kudanganyana. Novemba 2007 ASX 200 ilikuwa juu kabisa. Kufikia Machi 2009 ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu. Bei, ukiweka gawio kando, haikurudi pale hadi 2019. Mwenye aliuza Machi alilia. Mwenye alikuwa na doh ya mwaka mmoja ama miwili benki alikula hio, akaacha hisa zake zikipona na gawio likiingia. Kwa hivyo ukiskia mtu akikuuzia kozi ya kuomoka kwa miezi sita, ama kundi la Telegram lenye faida ya kila siku, hepa.

Kama uko Aussie na unasoma hii, fungua myGov leo usiku. Cheki kama mdosi wako ameweka ile 12%, unganisha akaunti, angalia ada. Kama hajaweka, ripoti kwa ATO. Haijalishi uko kwa visa gani, ni haki yako kwa sheria. Na wewe uko Nai, itisha rekodi yako ya NSSF wiki hii uone ni miezi ngapi mdosi ameruka.