Shamba la babu limeuzwa, kijana ajenge wapi?

Washkaji, ukienda Mkuranga au Bagamoyo utayaona mabango: 'viwanja vinauzwa'. Mtu wa Dar anatua na mshiko, anamalizana na dalali chini ya mwembe, kesho matofali yanamwagwa. Mimi simlaumu, naye kachoka kupanga. Lakini kijana wa palepale bei hiyo ataiwezea wapi?

Sikilizeni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji uridhie. Mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mkutano ukiitishwa, vijana wako kijiweni wanacheza drafti! Nendeni mkanyooshe mikono jamani. Nawe mnunuzi, ulizia muhtasari kabla hujatoa pesa, usije ukalia.