Hati ya Fundi Magari katika Australia Magharibi

Wapo miongoni mwa ndugu zetu wa Perth, waliotoka Mombasa, Dar es Salaam, Bujumbura au Kivu, ambao walijifunza kazi ya magari gerejini tangu udogo wao, wakianza kama spana boi na kuendelea hata wakaweza kufungua injini na kuirudisha bila ya msaada wa mtu. Nao, walipofika huku, waliambiwa kuwa mkono hodari bila ya hati hauwafai kitu. Habari hiyo ni nusu tu ya kweli, na wengi imewavunja moyo bure.

Sheria ya mafundi magari ya jimbo hili, iliyotungwa mwaka 2003, yamtaka kila atengenezaye magari kwa biashara awe na hati ya aina ya kazi aifanyayo, ama afanye kazi hiyo chini ya usimamizi wa mwenye hati ya aina ileile. Kwa hiyo asiye na hati hakufungiwa mlango: aweza kuajiriwa, akafanya kazi na kupata ujira, maadamu yupo msimamizi. Na msimamizi huyo kachukua dhamana nzito, kwani breki zilizofungwa na mwanafunzi wake zitaingia barabarani na watoto wa watu ndani ya gari. Atiaye idhini kazi asiyoikagua amekhini amana, hata kama gari halikupata ajali.

Hati hutolewa kwa mafungu. Magari madogo ni fungu moja, malori jingine, na kunyoosha bodi si kupaka rangi; yapo pia mafungu membamba, kama breki au kufunga matairi, ambayo fundi aweza kuanza nayo huku akijitayarishia makubwa. Tajiri wa gereji naye ana leseni yake mbali, ambayo haimfanyi fundi, kama vile hati ya fundi isivyompa ruhusa ya kufungua gereji.

Ajifunzaye upya hupita uanagenzi wa kadiri ya miaka 4 mpaka Cheti cha Daraja la Tatu. Aliye stadi tayari aweza kuomba chuo kilichosajiliwa kiupime ujuzi wake wa zamani, kisha asomeshwe yale tu yaliyopunguka. Hapo ndipo zinapofaa karatasi ambazo aghalabu tunazidharau: vyeti vya majaribio ya ufundi vya VETA ya Tanzania au NITA ya Kenya, barua ya fundi mkuu wa nyumbani yenye kutaja kazi na miaka, picha za kazi zenyewe. Barua hiyo iombwe mapema, wakati mwandishi wake angalipo na gereji ingali wazi.

Kazi ya viyoyozi vya gari yahitaji, zaidi ya hati ya jimbo, leseni ya taifa ya kushika gesi ya kupozea, kwa kuwa gesi hizo zikiachwa hewani hulidhuru anga. Fundi aliyezoea kuifungulia gesi itoke ovyo hana budi kuiacha ada hiyo kabla ya kugusa gari la mtu.