Kijiji Kilichojifungia Mlango

Na Mwandishi Wetu

NDUGU msomaji, fikiri kwamba jioni ya leo unaambiwa hivi: maradhi yasiyo na dawa yameingia kijijini mwenu. Njia ya kutokea iko wazi, wala hakuna askari anayeilinda. Lakini unaombwa, wewe na jamaa yako yote, msiipite njia hiyo, ili maradhi yasiwafikie watu wa vijiji vya jirani. Je, ungejibu nini?

Swali hilo si la hadithi ya kubuni. Waliulizwa watu wa Eyam, kijiji cha milimani katika jimbo la Derbyshire, Uingereza, mnamo mwezi wa Juni 1666. Jibu lao ndilo lililokifanya kijiji hicho kidogo kijulikane duniani.

KONDOO NA MADINI

Jina la kijiji huandikwa Eyam, lakini wenyeji hulitamka "Iim". Kimekaa katika nchi ya milima iitwayo Peak District, kiasi cha kilometa 20 kusini-magharibi ya mji wa Sheffield. Upande wa kusini ardhi ni ya mawe ya chokaa, yenye makorongo na miteremko mikali. Upande wa kaskazini umesimama ukingo mrefu wa mawe magumu ya mchanga, na juu yake ni nyika baridi, yenye upepo, iliyoota vichaka vifupi vya maua ya zambarau. Kilele cha Sir William Hill huko juu kina urefu wa meta 429.

Parokia ya Eyam ilikuwa pana kuliko kijiji chenyewe. Ilijumuisha pia kitongoji cha Foolow na mashamba na misitu ya Eyam Woodlands. Watu wake walifuga kondoo na ng'ombe, walilima nafaka kidogo, na wengi walichimba madini ya risasi katika mashimo yaliyotapakaa milimani. Tangu mwaka 1588 maji ya chemchemi yaliletwa kijijini mpaka kwenye mabirika ya mawe kandokando ya barabara, ambako wanawake waliteka maji na kupeana habari. Katika uwanja wa kanisa umesimama msalaba wa mawe uliochongwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa maneno mengine, hapa palikuwa mahali pa watu waliokaa pamoja kwa vizazi vingi, wakaoana na kuzikana.

BUNDA LA VITAMBAA

Mwaka 1665 tauni ilikuwa ikiteketeza London, na inakadiriwa kwamba karibu watu 100,000 walikufa katika mji huo. Eyam iko mbali na London, zaidi ya kilometa 200 kaskazini, na pengine wanakijiji walidhani kwamba msiba huo ni wa watu wa mjini tu.

Yasimuliwa kwamba mwishoni mwa kiangazi fundi cherehani wa kijiji, Alexander Hadfield, aliletewa bunda la vitambaa kutoka London. Msaidizi wake, George Viccars, alilifungua, akaviona vina unyevunyevu, akavianika mbele ya moto. Ndani yake, yaaminika, walikuwamo viroboto wenye sumu ya tauni. Viccars alizikwa tarehe 7 Septemba 1665. Wiki mbili baadaye alifuata mtoto wa nyumba hiyo hiyo, Edward Cooper, kisha majirani.

Katika siku hizo hakuna aliyejua tauni husababishwa na nini. Wengine walisema ni hewa chafu, wengine ni ghadhabu ya Mungu. Kijidudu chake hakikugunduliwa hadi mwaka 1894, pale Alexandre Yersin alipokitambua huko Hong Kong. Watu wa Eyam walikuwa na macho yao tu: waliona kwamba aingiapo mgonjwa nyumbani, nyumba nzima hufuata.

Kufikia mwisho wa mwaka huo watu zaidi ya 40 walikuwa wamezikwa. Baridi ilipoingia vifo vilipungua. Baadhi ya wenye uwezo walikuwa wamekwisha kuondoka, kwa kuwa walikuwa na jamaa au nyumba kwingineko. Mchimba madini mwenye watoto sita na kondoo wachache angekwenda wapi? Kisha, mnamo Juni 1666, maradhi yalilipuka upya.

MAKASISI WAWILI

Kasisi wa parokia wakati huo alikuwa William Mompesson, kijana asiyetimiza miaka 30, ambaye alikuwa amewasili Eyam mwaka 1664. Wengi hawakumpenda. Mioyo yao ilikuwa kwa kasisi wa zamani, Thomas Stanley, aliyeondolewa katika kazi yake kwa kukataa sheria mpya ya kanisa ya mwaka 1662. Watu hao wawili walitofautiana katika mambo ya ibada na ya siasa, na katika zama hizo tofauti kama hizo ziliweza kumtia mtu gerezani.

Lakini hatari ilipowafika, walikaa pamoja na kushauriana. Mompesson alikuwa na cheo. Stanley alikuwa na imani ya watu. Bila ya mmoja wao, neno la mwingine lisingesikilizwa. Kwa pamoja waliwaeleza wanakijiji mambo matatu. Kwanza, mazishi ya pamoja katika uwanja wa kanisa yakome, na kila jamaa wazike maiti wao shambani au bustanini kwao. Pili, kanisa lifungwe, na ibada ifanyike mahali pa wazi, katika korongo liitwalo Cucklet Delf, kila jamaa wakisimama mbali na wenzao. Tatu, na hili ndilo lililokuwa zito kuliko yote, mtu yeyote asitoke katika mipaka ya kijiji, wala mgeni asiingie.

Hapana budi tuseme pia kwamba kabla ya mapatano hayo Mompesson alikuwa amewapeleka watoto wake wawili mbali na kijiji. Alitaka mkewe Catherine naye aende. Mke akakataa kumwacha mumewe. Alizikwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo, baada ya kuuguza wagonjwa pamoja na mumewe. Kaburi lake liko karibu na ule msalaba wa kale.

MAWE YA MPAKANI

Kijiji kilichofungwa kinakula nini? Hapa ndipo mara nyingi masimulizi ya Eyam hupita haraka mno, na ndipo lilipo somo kubwa. Mompesson alimwandikia Earl wa Devonshire, bwana mkubwa aliyekaa katika jumba la Chatsworth, si mbali na Eyam. Bwana huyo alikubali kupeleka chakula na mahitaji mengine, iwapo wanakijiji watatimiza ahadi ya kutotoka. Majirani wa vijiji vya karibu nao waliuza na kuleta vitu.

Chakula kiliwekwa mipakani, mwenye kuleta akaondoka, ndipo mwenye kuchukua akaja. Katika njia ya kwenda Stoney Middleton lipo jiwe lenye matundu sita, ambamo sarafu za malipo ziliwekwa ndani ya siki ili zisichukue ugonjwa. Upande wa kaskazini, juu mlimani, fedha ziliachwa katika maji ya chemchemi ambayo mpaka leo huitwa Kisima cha Mompesson.

Wahenga walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Laiti majirani wangewafukuza watu wa Eyam kwa mawe na kuwanyima mkate, njaa ingewatoa nje katika muda wa wiki moja. Waliokuwa ndani waliwalinda walio nje. Walio nje wakawalisha walio ndani.

MAMA WA RILEY

Agosti ulikuwa mwezi mbaya kuliko yote. Watu zaidi ya 70 walikufa. Juu ya kijiji, katika shamba la Riley, aliishi Elizabeth Hancock na jamaa yake. Kati ya tarehe 3 na 10 ya mwezi huo, kwa siku nane, alimzika mumewe na watoto wake sita. Hakuna jirani aliyethubutu kumkaribia. Yasimuliwa kwamba alizifunga maiti kwa kitambaa miguuni, akaziburura mpaka shimoni alikochimba mwenyewe, huku watu wa Stoney Middleton wakimtazama kwa mbali kutoka mlimani. Yeye mwenyewe hakuugua. Baadaye alihamia Sheffield kwa mwanawe pekee aliyebaki. Makaburi hayo saba yangalipo, yamezungushiwa ukuta wa mawe katikati ya malisho.

Mtu wa mwisho kufa alizikwa mwanzoni mwa Novemba 1666. Katika barua yake ya mwezi huo, Mompesson aliandika kwamba jamaa 76 zilipatwa na maradhi, na watu 259 walikufa. Masimulizi ya zamani yalidai kwamba kijiji kilikuwa na watu 350 tu. Watafiti wa baadaye wanaona walikaribia 700. Hata kwa hesabu hiyo kubwa, zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu alikufa.

JE, ILIKUWA BUSARA?

Uchunguzi wa kumbukumbu za vifo vya Eyam uliotolewa mwaka 2016 ulikadiria kwamba karibu robo tatu ya maambukizo yalipita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, na hasa baina ya watu wa nyumba moja. Kwa hiyo kuizuia tauni isitoke kulikuwa na maana. Lakini kukaa pamoja chini ya paa moja na mgonjwa kuliwagharimu waliokuwa ndani. Waliolipa gharama hiyo kwa wingi ni wale wasiokuwa na pa kwenda. Hatuna haki ya kuwasifu huku tukilisahau jambo hilo.

Siku hizi tauni hutibika kwa dawa ikiwahiwa mapema. Wasomaji wetu wa Lushoto, mkoani Tanga, ambako ugonjwa huo ulizuka mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara kwa miaka mingi, wanajua vyema kwamba haukubaki katika vitabu vya historia. Na mwaka 2020, korona ilipowafungia watu majumbani katika nchi nyingi, jina la Eyam lilitajwa tena mara nyingi.

Leo kijiji kina nyumba zake za mawe, kondoo wake na wageni wengi. Kwenye nyumba zilizo karibu na kanisa vimewekwa vibao vyenye majina ya waliokufa humo, na kila Jumapili ya mwisho ya Agosti watu hukusanyika Cucklet Delf kuwakumbuka.

Ndugu msomaji, maradhi yakiingia mtaani, ni rahisi kumwambia jirani: "Kaa ndani, usitoke." Watu wa Eyam waliweza kukaa ndani kwa sababu viongozi waliohitilafiana walikubali kusema neno moja, na kwa sababu kulikuwa na mkono ulioweka mkate juu ya jiwe. Basi kabla hujamtaka mwenzako afunge mlango wake, jiulize wewe utampelekea nini mlangoni.